Mizani ndogo inapodanganya: kuisaka hitilafu, kuitengeneza na kuiboresha

Mizani ndogo ya mezani haihitaji kuharibika ndipo idanganye. Feni ikiwashwa upande wa pili wa chumba, au chombo cha plastiki kikisuguliwa na shati, tarakimu ya mwisho inaanza kutangatanga na mwenye mizani anakimbilia bisibisi. Mizani nyingi nzima zimeuawa hivyo. Mwongozo huu ni wa wanaopima vitu vidogo kwa umakini: sonara, mchanganya rangi, mtengeneza sabuni, mpakiaji wa risasi za michezo, mwenye maabara ndogo ya nyumbani. Unahusu mizani za aina mbili. Ya kwanza ni ya mtange, yenye kitanga upande mmoja, mawe ya kutelezesha upande wa pili, na ulimi unaotafuta mstari wa sifuri. Ya pili ni ya elektroniki, ile ya kioo na vitufe.

Neno moja kabla hujaanza. Mizani inayotumika kuuzia watu bidhaa huwa na lakiri ya wakala wa vipimo. Hiyo usiifungue. Ukivunja lakiri umejitafutia kesi, hata kama mkono wako ni stadi kuliko wa aliyeifunga. Yanayofuata ni kwa mizani yako binafsi.

Hatua ya 1: Pima ugonjwa kabla ya kutoa dawa

Tafuta kitu kimoja cha chuma, kikavu, kisichoshika kutu, chenye uzito wa karibu nusu ya uwezo wa mizani. Kwa zoezi hili si lazima ujue uzito wake halisi; kinachotakiwa ni kwamba usibadilike. Kishike kwa kibano au kitambaa, maana jasho na mafuta ya vidole yana uzito, na mizani nzuri huyaona.

Kiweke kitangani, subiri mizani itulie, andika namba. Kiondoe, andika pia kile mizani inachoonyesha ikiwa tupu. Rudia mara kumi bila kubonyeza kitufe chochote na bila kusahihisha kitu. Watu wengi hushindwa hapa: wakiona sifuri imehama kidogo wanabonyeza kitufe cha kufuta, na ushahidi wote unapotea.

Sasa soma ulichoandika. Namba zikitawanyika ovyo, leo juu kesho chini, tafuta upepo, mtetemo, uchafu au kitu kinachogusana na kingine. Zikipanda au kushuka polepole kwa upande mmoja, shuku joto, umeme tuli (ule unaozaliwa vitu vikisuguana) au betri. Kama ukiwa na jiwe la uzito unaojulikana mizani inakosea kwa kiasi kilekile iwe umepima kidogo au kingi, sifuri ndiyo iliyohama. Kosa likikua kadiri uzito unavyokua, basi hapo, na hapo tu, ndipo ugezi, yaani kuisahihisha mizani kwa jiwe la uzito unaojulikana, unapohitajika.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu vijitabu vingi vya maelekezo humtuma mtu kwenye ugezi moja kwa moja. Ukifanya ugezi kwenye meza inayotikisika, unaifundisha mizani uongo na kuihifadhia uongo huo kumbukumbuni. Baadaye ukihamia meza imara, itaendelea kukosea, na safari hii kwa kujiamini.

Kwa mizani ya elektroniki ongeza jaribio la pembe. Weka kitu kilekile katikati ya kitanga, kisha mbele, nyuma, kulia na kushoto, karibu na ukingo. Namba zikitofautiana sana, kitanga hakijakaa vizuri, skrubu zake zimelegea, au kihisi kimepinda.

Hatua ya 2: Kagua mahali, si mashine

Meza. Iegemee kwa kiganja huku ukitazama kioo au ulimi. Kama usomaji unabadilika, meza inapinda, na mizani inapinda nayo. Kipande kizito cha jiwe la marumaru au kigae kinene, kilichowekwa juu ya vipande vitatu vya mpira, huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Vitatu, si vinne: kitu chenye miguu mitatu hakichezi hata uso wa meza ukiwa na kasoro. Friji, cherehani au kompresa isikae kwenye meza ileile wala kugusana nayo.

Usawa. Tumia kiputo cha pimamaji kilichomo kwenye mizani, au weka pimamaji ndogo juu ya kitako. Mizani ya mtange mara nyingi ina mguu mmoja wa skrubu unaotumika pia kupata sifuri. Ukishaipata, usiisogeze mizani hata sentimita chache. Ukiisogeza, anza upya.

Hewa. Zima feni, funga dirisha, halafu pima tena mara kumi. Hata pumzi yako inatosha kuusukuma mtange mwepesi.

Joto linahitaji maelezo zaidi kidogo. Kitu cha moto kikiwekwa kitangani huipasha hewa inayokizunguka. Hewa hiyo hupanda na kukiinua kitu kidogo, kwa hiyo kinasomeka chepesi kuliko kilivyo. Kitu cha baridi hufanya kinyume chake, na tena hukusanya unyevu kutoka hewani ukazidi kuongeza uzito. Acha vitu, vyombo na mizani vikae chumba kimoja mpaka vilingane joto. Mizani ya elektroniki yenyewe hupata joto ikiwashwa, hivyo iwashe nusu saa kabla ya kazi. Ile inayojizima kila baada ya dakika mbili ili kuokoa betri haipati nafasi ya kutulia, nasi tutarudi kwayo kwenye maboresho.

Umeme tuli hujitambulisha kwa namna yake: namba inateleza taratibu, na ukisogeza mkono karibu na kitanga bila kukigusa, inaruka. Majira ya hewa kavu ndiyo yanayomsumbua zaidi mtu mwenye vyombo vya plastiki. Badilisha chombo, tumia cha chuma. Ukilazimika kutumia plastiki, ipanguse kwa kitambaa chenye unyevunyevu na uiache ikauke yenyewe.

Mwisho, weka simu mbali. Mizani za bei nafuu hazina kinga ya kutosha dhidi ya mawimbi ya redio. Ukitaka uthibitisho, isogeze simu karibu na mizani iliyotulia kisha ujipigie kwa simu nyingine.

Hatua ya 3: Hakikisha unasoma kipimo unachodhani unasoma

Inaonekana ni jambo la kitoto, lakini mizani ya kitufe kimoja hubadilisha vipimo kwa mguso wa bahati mbaya. Kona ya kioo huwa na herufi ndogo: g ni gramu, ct ni karati, ozt ni aunsi ya troi, gn ni greni. Karati ni miligramu 200, kwa hiyo gramu moja ni karati 5. Aunsi ya troi ni gramu 31.1035, ilhali aunsi ya kawaida ni gramu 28.35. Greni ni miligramu 64.79891, yaani gramu moja ina greni 15.43 hivi. Anayefanya kazi kwa greni halafu mizani ikahamia gramu bila yeye kuona amezidisha kipimo zaidi ya mara kumi na tano. Kwa dawa, kemikali au baruti, hilo si kosa dogo. Bandika karatasi pembeni ya kioo yenye kipimo unachotumia, na uwe na tabia ya kuangalia herufi kabla ya namba.

Hatua ya 4: Mizani ya mtange

Mtange hukalia visu viwili vidogo vya chuma, navyo hukalia vitako vya jiwe gumu, mara nyingi akiki. Usahihi wote uko kwenye mstari huo mwembamba ambapo kisu kinagusa jiwe. Ndiyo maana amri ya kwanza ni hii: usitie mafuta. Mafuta hunasa vumbi, vumbi hugeuka uji mzito, na ulimi unaanza kusimama mahali tofauti kila mara.

Inua mtange kwa mikono miwili, wima, bila kuuburuta. Geuza visu kwenye mwanga na uvitazame kwa kioo cha kukuzia. Makali mazima huonekana kama mstari mweusi usiong'aa. Ukiona vimulimuli vyeupe kwenye mstari huo, hapo makali yamelika au yamevunjika. Visafishe kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, na vitako vivyo hivyo, ukichokonoa pembe zake kwa kijiti cha mbao. Usitumie sindano wala tupa. Kisu kilicholika hakinolewi nyumbani: ukipunguza chuma upande mmoja tu umebadilisha urefu wa mkono wa mtange, na kila kipimo kitakosea kwa uwiano huo.

Kisha angalia breki ya sumaku. Ncha ya mtange huwa na bamba la shaba au alumini linalopita katikati ya sumaku mbili. Bamba likitembea, mikondo ya umeme huzaliwa ndani yake na kupinga mwendo, hivyo ulimi hutulia baada ya kuyumba mara chache. Breki hiyo haiathiri mahali ulimi unapotulia, kwa sababu kitu kikisimama nguvu hiyo nayo inakwisha. Ila sumaku huvuta vumbi la chuma, na ndevu za vumbi hilo zikifika kwenye bamba zinaligusa na kulishikilia. Hapo unaona ulimi unaosimama ghafla, kama uliokwama. Brashi haiwezi kuliondoa, inalisambaza tu. Kunja utepe wa gundi upande wa kunata ukiwa nje, upitishe kwenye mwanya, utatoka na nywele nyeusi za chuma. Rudia mpaka utoke safi. Kisha puliza na utazame kwa tochi kama bamba linapita katikati bila kugusa upande wowote.

Mawe ya kutelezesha hukaa kwenye vijino vilivyochongwa juu ya mtange. Uchafu kwenye kijino kimoja hulikalisha jiwe juu kidogo au kando kidogo. Dalili yake ni mizani kuwa sahihi kwenye gramu 10 na kukosea kwenye 20. Safisha vijino vyote kwa mswaki mkavu, na kila unapoliweka jiwe lisukume kidogo huku na huku mpaka ulisikie limekaa.

Ikiwa sifuri haipatikani hata skrubu ya mguu ikifika mwisho, kagua kwanza kama kitanga ni cha mizani hiyo. Vitanga hubadilishana wenyewe pale penye mizani mbili, na hata kitanga halali hubadilika uzito kikilika au kikigongwa. Mizani nyingi zina kikopo kidogo chini ya kitanga chenye punje za risasi au vipande vya waya kwa ajili ya marekebisho haya. Ongeza au punguza punje, kisha ufunge. Usibandike gundi au plastini nje ya kitanga: hukauka, hushika vumbi, na uzito wake hautulii.

Hatua ya 5: Mizani ya elektroniki

Kihisi chake ni ufito wa alumini wenye tundu katikati. Juu ya ufito huo zimebandikwa nyuzi nyembamba sana ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika ufito unapopinda. Kupinda kwenyewe hakuonekani kwa macho, kwa hiyo kitu kidogo tu kinachouzuia kinatosha kuharibu hesabu.

Anza na betri. Betri iliyochoka haizimi mizani mara moja. Huanza kwa kufanya sifuri itembee. Weka mpya za aina moja na usafishe vibati vyake.

Ondoa kitanga. Chini yake utakuta kilichomwagika miezi yote hiyo: unga, chumvi, nywele, wakati mwingine mdudu mzima. Tumia brashi laini. Usipulize kwa kompresa, kwa maana unausukuma uchafu chini ya ufito ambako hutaufikia tena. Pembeni au chini ya ufito kuna skrubu za kinga zinazouzuia usipinde kupita kiasi. Mwanya wake ni mdogo, takriban unene wa karatasi. Pitisha kipande cha karatasi. Kikikwama, ama kuna chembe au skrubu imejisogeza. Ukiona mizani ni sahihi kwa uzito mdogo lakini ikifika kiasi fulani inagoma kupanda, skrubu hiyo ndiyo mtuhumiwa wa kwanza.

Ukilazimika kufungua kasha, toa betri kwanza na piga picha kabla ya kuchomoa chochote. Kutoka kwenye ufito hadi bodi ya saketi kuna nyaya nne nyembamba. Waya uliokatika au uliolegea kwenye risasi ya kulehemia hufanya namba zirukeruke ovyo ukiigonga mizani kidogo, hilo linalehemeka. Pia hakikisha nyaya hazivutiki na hazigusi kitanga. Ufito uliopinda kabisa, kwa mfano baada ya mtu kuegemea kitanga, hautengenezeki. Utautambua kwa sifuri iliyohama sana isiyorudi, na kwa jaribio la pembe kwenda kombo.

Kuna hitilafu moja ambayo si hitilafu. Mizani nyingi zina programu inayojirudisha kwenye sifuri yenyewe ili kuficha mabadiliko madogo ya joto. Ukimimina unga kidogo kidogo sana kwenye chombo ambacho umekwisha kukifutia uzito (mizani inasoma sifuri kikiwa juu yake), programu inadhani hayo ni mabadiliko ya joto na inayafuta. Unaona 0.00 na chombo kina punje tele. Jaribu: inua chombo, kirudishe, utaona namba imeruka. Tiba yake ni kutofuta uzito wa chombo. Andika uzito wake kikiwa kitupu, mimina, kisha toa kwa hesabu. Au mimina sehemu kubwa kwa mpigo ndipo umalizie kidogo kidogo, ukiinua na kurudisha chombo kabla ya kuamini namba ya mwisho.

Hatua ya 6: Sasa ugezi

Sarafu hazifai. Zinalika, zinashika uchafu, na hata zikiwa mpya huruhusiwa kutofautiana. Nunua jiwe lenye daraja linalojulikana kimataifa. Kwa jiwe la gramu 100, daraja la M1 huruhusu kosa la miligramu 5, F2 miligramu 1.6, F1 miligramu 0.5. Kanuni nzuri ya karakana ni kwamba kosa la jiwe lisizidi theluthi moja ya kile unachotaka mizani ikionyeshe. Kwa mizani ya sehemu ya mia ya gramu, yaani miligramu 10, jiwe la F2 linatosha kabisa na la M1 limevuka mpaka kidogo. Kununua la E2, daraja lililo juu ya F1, kwa mizani hiyo ni kutupa pesa.

Mizani ya elektroniki hupima nguvu ya mvutano, siyo tungamo (kiasi cha maada) lenyewe, na mvutano wa dunia haulingani kila mahali: ni kama mita 9.78 kwa sekunde mraba karibu na ikweta na 9.83 kwenye ncha za dunia. Tofauti hiyo ingefanya gramu 100 zisomeke karibu nusu gramu zaidi au pungufu. Hata kupanda kutoka pwani hadi nyanda za juu kunatosha kuigusa tarakimu ya mwisho. Kwa hiyo ukihamisha mizani mbali, fanya ugezi pale ilipo. Ya mtange haijali, maana mvutano unapungua kwa pande zote mbili za mtange sawia.

Baada ya ugezi pima pia kwa mawe mengine, dogo na la kati. Mizani inaweza kuwa sahihi kwenye gramu 100 na kukosea kwenye 10.

Maboresho yanayolipa

Sanduku la kuzuia upepo ndilo la kwanza, na hakuna kinachoshinda bei yake. Tengeneza kwa vioo au plastiki angavu, lenye mlango mdogo mbele. Kioo ni bora kwa sababu ya umeme tuli. Ukitumia plastiki, pangusa ndani mara kwa mara.

Kwa mizani ya elektroniki, weka adapta badala ya betri ili ibaki imewaka. Volti zilingane kabisa na za mizani, na adapta iwe ya aina iliyodhibitiwa, siyo ile ambayo volti zake hupanda ikiwa haina mzigo. Adapta mbovu huleta kelele kwenye namba, hivyo rudia jaribio la mara kumi kwa betri na kwa adapta, ulinganishe. Kuhusu kule kujizima, mizani nyingine hukuruhusu kukuondoa kwa kushikilia kitufe wakati wa kuwasha. Tazama kijitabu chake.

Kwa mtange, tatizo ni jicho. Ukitazama ulimi kutoka juu au chini unauona mahali usipo. Bandika kioo chembamba cha kujitazamia nyuma ya ulimi: unaposoma, hakikisha ulimi umeifunika taswira yake. Njia nyingine ni kamera ndogo kwenye kisimamo, iliyo usawa mmoja na mstari wa sifuri, ili usome kwenye kioo kikubwa bila kuinama. Kamera isiguse meza ya mizani.

Wapo wanaoongeza sumaku za nguvu ili ulimi utulie upesi. Sipendi. Zikikaribia kisu au jiwe la chuma zinavuta, na mvuto huo, tofauti na wa breki, haukomi mtange ukisimama. Kama umeamua, weka jiwe lile lile kabla na baada ya kuzifunga. Usomaji ukibadilika hata mstari mmoja, zitoe.

Na kila boresho lifanywe peke yake. Funga moja, pima mara kumi, linganisha na karatasi yako ya kwanza, ndipo ufunge lingine.